Miezi 5 na hajageuka

Mwanangu wa Likoni, pole na hongera kwa uzazi. Wauliza kama ubongo wa mwanao umeumia, kwa kuwa alizaliwa wiki ya 31 na kilo 1.1, kondo la nyuma halikumlisha vyema tumboni, na sasa ana miezi 5 hajageuka.

Kwanza hesabu. Mimba kamili ni wiki 40, naye alitangulia wiki 9, kwa hivyo mtazame kama wa miezi 3. Wa miezi 3 nani humdai kugeuka? Mama mkwe asikutie presha.

Lakini hofu yako si ya bure. Kondo likidhoofika, mwili wa mtoto huupendelea ubongo kwa damu, ila kinga hiyo haitoshi. Na mishipa ya damu ya kichwa ikiwa bado michanga huweza kuvuja. Uliza kama alipigwa altrasaundi kupitia utosi, na majibu yalisemaje. Picha safi hupunguza wasiwasi, haiuondoi wote.

Ukiona ngumi moja haifunguki, miguu yakakamaa na kupishana kama mkasi ukimbadilisha nepi, au hakufuati kwa macho, usingoje siku ya chanjo. Vuka feri, mpeleke hospitali kuu ya Pwani akaonwe na daktari wa watoto. Kumkanda kwa mafuta ya nazi si neno, bora usimvute viungo.