Kabla hawajaja na hati ya upekuzi

Serikali inayomtafuta aliyekupa siri haina haja ya kukutisha wewe mwandishi. Inaiandikia kampuni ya simu na kupewa orodha: nani alimpigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, akiwa karibu na mnara upi. Mliyoongea hayamo, wala hayahitajiki. Mtumishi wa wizara aliyempigia mwandishi mara tatu kabla habari haijatoka ameshajulikana.

Kwa hiyo usimpigie chanzo chako cha habari kwa laini ya kawaida, hata ile simu moja ya kumwambia ahamie Signal, programu ya mawasiliano ya siri. Humo, washa ujumbe unaojifuta. Mmoja wenu akiwasha, unafutika kwenye simu zote mbili. (Picha ya skrini haizuiliki, hilo mkubaliane mapema.) WhatsApp nayo ina mtego wake: nakala ya mazungumzo inayopanda mtandaoni, usipoifunga kwa nenosiri lake, inaweza kutolewa kwa amri ya mahakama. Wengi hunaswa hapo.

Nenosiri la simu lisipungue tarakimu sita. Lenye herufi ni bora. Ukiitwa kituoni, ondoa alama ya kidole, maana kidole hushikwa kikabandikwa kwa nguvu. Kisha zima simu kabisa. Kufunga skrini tu hakutoshi: simu iliyokwisha kufunguliwa mara moja tangu iwashwe hubaki na funguo za data kwenye kumbukumbu yake, na vifaa vya kudukua huzifuata humo.

Hati ya siri usiitoe hadharani kama ilivyo. Printa nyingi za leza za rangi huacha vidoti vya njano, vidogo mno kuonekana kwa macho, vinavyoweza kutaja namba ya mashine na muda wa kuchapa. Andika yaliyomo kwa maneno yako.

Polisi wakija, soma hati yao ya upekuzi: jina, anwani, tarehe, sahihi, vitu wanavyoruhusiwa kuchukua. Mwenzako ampigie wakili huku wewe ukiorodhesha kila kifaa na namba yake, nao watie sahihi. Usifute kitu dakika hiyo. Kuharibu ushahidi ni kesi nyepesi kwao kushinda kuliko ya habari yenyewe. Kufuta ni kazi ya kila wiki, kabla hakujawa na amri yoyote.

Simu ikirudishwa, usiingize laini wala akaunti zako. Mpe fundi wa usalama aikague, na nywila zote uzibadilishe kwa kifaa kingine.