Spika nne kwenye amplifaya moja: omu zinahesabiwaje?

Swali: Amplifaya yangu imeandikwa nyuma "omu 4 hadi 8". Sebuleni nina spika mbili za omu 8, na nimepata nyingine mbili za omu 4 ambazo nataka kuziweka barazani. Fundi alipima za sebuleni kwa mita akapata omu 6 tu, akasema zimechoka. Je, ni kweli, na je, naweza kuunga zote nne? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

Jibu: Spika zako hazijachoka. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme. Mita hupima ukinzani wa waya wa koili iliyo ndani ya spika peke yake kwa umeme wa betri, ilhali omu 8 zilizoandikwa ni kadirio la jinsi spika inavyozuia umeme wa muziki, na kiasi hicho hupanda na kushuka kadiri sauti inavyokuwa nene au nyembamba. Spika ya omu 8 kusomeka 6 hivi ni kawaida kabisa.

Kuhusu kuunga zote nne, kinachotazamwa ni mzigo wote (jumla ya spika zilizoungwa) wa kila upande wa amplifaya, kushoto na kulia, wala si maandishi ya spika moja moja. Ukiunga ya omu 8 na ya omu 4 sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, 8 mara 4 ni 32, ukigawa kwa 12 unapata omu 2.7 hivi, chini ya kiwango ulichoruhusiwa. Amplifaya inayotoa volti 20 hupitisha ampea 2.5 kwenye omu 8, lakini kwenye mzigo huo itadaiwa ampea 7.5, na zote hupita kwenye transista za mwisho, yaani zile zinazosukuma umeme kwenda kwenye spika. Kwa sauti ndogo huenda usione tatizo lolote kwa muda mrefu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Siku ya sherehe, sauti ikiwa juu na amplifaya imefungiwa kabatini, transista huungua.

Kuziunga kwa mfululizo, yaani umeme upite spika moja kisha nyingine, kutakupa omu 12, ambazo ni salama, ila ya omu 4 itapata nusu tu ya nguvu ya mwenzake, kwa hiyo sipendekezi.

Ushauri wangu ni kutafuta spika za omu 8 za barazani, kwani mbili sambamba hutoa omu 4 kamili. Kama amplifaya ina matundu ya A na B, yaani ya jozi mbili za spika, soma kwanza maandishi yake, kwa kuwa nyingi hutaka kila spika isipungue omu 8 zikiwashwa pamoja. Zima umeme kabla ya kuunga, na hakikisha nyuzi za chanya na hasi hazigusani.