Namba kati ya 100 na 500 zinazogawanyika kwa 12 na 18: msizidishe tu

Mkuu umesema dogo wako wa la saba kaulizwa namba ngapi kati ya 100 na 500 zinagawanyika kwa 12 na kwa 18 bila baki, yeye kapata 2, kitabu kinasema 11, na wewe unahisi kitabu ndo kimekosea. Hapana, kitabu kiko sawa. Nafundisha tuisheni miaka mingi na hili kosa nakutana nalo kila muhula, mtoto anazidisha 12 × 18 anapata 216, anaandika 216 na 432, anafunga daftari. Sasa mwambie ajaribu 108. Kwa 12 inaingia mara 9, kwa 18 mara 6, haibaki kitu, na kwenye orodha yake haimo.

Shida ni kwamba hizo namba zina vigawo vya pamoja. 12 ni 2×2×3, 18 ni 2×3×3, ukizidisha zote unakuwa umebeba 2 moja na 3 moja za ziada. KDS yake (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili) ni 2×2×3×3 yaani 36, na kila namba inayogawanyika kwa zote mbili lazima iwe kigawe cha 36, yaani 36 mara namba fulani nzima.

Kuhesabu sasa. 500 gawa kwa 36 inaingia mara 13, hapo umehesabu kuanzia 36 yenyewe, kwa hiyo toa zilizo chini ya 100: 99 gawa kwa 36 ni mara 2 (36 na 72). 13 toa 2 ni 11, inaanza 108 inaishia 468. Na uone nimegawa 99 sio 100, hapo ndo wengi wanachapia, maana swali lingeanzia 144 yenyewe ikiwemo, halafu ukagawa 144 badala ya 143, ungeitupa 144 wakati inahesabika. Kuhakiki 468 ni rahisi, 36 ni 4×9, sasa tarakimu mbili za mwisho, 68, zinagawanyika kwa 4, na 4+6+8 ni 18 inagawanyika kwa 9, basi imepita.

Wakikwama kabisa huwa naleta machungwa. Nawaambia mama ana machungwa zaidi ya 50 ila hayafiki 100, akipanga mafungu ya manne manne linabaki moja, ya sita sita linabaki moja, ya matano matano halibaki hata moja, anayo mangapi? Kuna binti mmoja alikuwa haongei kabisa darasani, siku hiyo akachukua chungwa moja akaliweka pembeni, akasema mwalimu hili tuliache kwanza, yaliyobaki ni vigawe vya 12, maana 12 ndo KDS ya 4 na 6. Akaanza 60, 72, 84, 96, akarudisha lile moja kwenye kila namba, 61, 73, 85, 97, akanyooshea kidole 85 kwa sababu inaishia na 5. Sikuwa nimewafundisha hiyo ya kuweka pembeni, na tangu siku hiyo naanza nayo.