Harusi ya kijasusi: taa kwanza, bastola hapana

Msomaji ameniandikia kwamba yeye na mchumba wake wanataka harusi yenye mvuto wa filamu za kijasusi, na wameshaagiza bastola za plastiki za kupigia picha. Zirudisheni. Bastola bandia ikichomolewa ukumbini, wageni watatimka na walinzi hawatasubiri maelezo. Filamu hizo hupendeza kwa suti iliyokaa mwilini, mwanga na utulivu wa mtu anayejiamini. Bajeti ielekee huko.

Kinachoharibu harusi nyingi za aina hii ni mwanga. Mpambaji hutandaza vitambaa vyeusi kila upande, bwana harusi naye kavaa nyeusi, halafu picha zinatoka na nyuso zinazoelea gizani, maana nyeusi humeza mwanga. Iacheni nyeusi mezani tu. Kuta zimulikwe kutoka chini kwa taa za manjano hafifu, kelvini 2700 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga), na kila sehemu ya picha iwe na taa moja nyuma ya maharusi ili mabega yajitenge na ukuta. Mpiga picha aje kujaribu usiku. Taa za buluu na zambarau zisiwafikie usoni. Rangi ya ngozi ikishapotea namna hiyo, hata uhariri hauirudishi vizuri.

Tuksedo, yaani suti rasmi ya jioni, haivaliwi na mkanda wa suruali. Mkono wa shati uchungulie sentimita 1 hivi. Buluu iliyokolea sana ni chaguo zuri kuliko nyeusi, kwa sababu chini ya taa za umeme nyeusi huweza kuonekana imepauka.

Mnara wa glasi, yaani glasi zilizopangwa kwa ngazi ili shampeni inayomiminwa juu ishuke hadi chini, unataka hesabu. Ngazi tano za mraba ni 25, 16, 9, 4 na 1, jumla glasi 55. Ziwe glasi pana zenye mdomo wazi. Zile nyembamba ndefu huanguka. Kila moja ikipokea mililita 150, mnahitaji chupa 11 za mililita 750, na moja au mbili za akiba kwa kinachomwagika. Juisi yenye gesi inafaa vilevile. Meza ipimwe kwa pima maji, glasi zigusane, kisha mmimine taratibu juu katikati. Mkiharakisha, povu litafurika na ngazi za chini zitabaki tupu.

Meza ya kasino ichezewe vibao (sarafu bandia za mchezo) visivyo na thamani, si fedha. Kamari ya fedha sehemu nyingi inadai kibali, na wapo wazee itakaowakwaza. Meza moja ya karata huchukua watu saba, kwa hiyo msitegemee itashughulisha ukumbi mzima.

Kadi ya mwaliko yenye fumbo inavutia, lakini tarehe, saa, ukumbi na mavazi viandikwe wazi. Fumbo lifiche kitu kidogo, mfano jina la meza ya mgeni.

Mashine ya moshi msiiwashe kabla ya kumuuliza msimamizi wa ukumbi kuhusu vihisi vya moto. Vikilia, watu wote watatolewa nje, bibi harusi akiwamo.