Maswali na Majibu: Maisha ya Bwenini

Safari hii nafasi yote tumewapa wanachuo wa vyuo vya ualimu. Barua zao zinafanana kwa jambo moja: chuo ni kidogo, kiko nje ya mji, watu mia mbili hivi, wote wanalala humohumo na kula bwalo moja, na uliyegombana naye jana usiku ndiye aliyeshika upawa leo mchana. Ushauri wa vyuo vikuu vyenye maelfu ya watu hapa haufui dafu. Hapa hakuna pa kujichimbia.

Chumbani tuko wanane, vitanda vinne vya deka. Sukari yangu, mafuta ya kupaka, hata ndala, vinatumika bila kuombwa. Nikisema naambiwa nina roho mbaya. Nifanyeje?
*Mwaka wa kwanza, Singida*

Usianze na mwizi, anza na sukari. Vyumba vingi vinagombana kwa sababu hakuna aliyesema kipi ni cha chumba na kipi ni cha mtu. Kaeni jioni moja wote wanane, aliyekosekana msubirini, mgawe vitu mafungu mawili. Vya chumba: sukari, majani ya chai, chumvi, sabuni ya kupigia deki, fagio, kiberiti. Vya mtu: ndoo, ndala, taulo, mafuta, chaja, kalamu. Vya chumba mnachangia. Vya mtu vinaombwa kila mara, hata kama mwenyewe ni rafiki yako wa kufa na kuzikana.

Hesabu ya sukari ni hii. Kikombe chenye vijiko viwili vya chai kinakula kama gramu 10. Watu wanane, kikombe kimoja kila jioni, ni gramu 560 kwa wiki. Kilo moja basi ingetosha karibu wiki mbili. Isipotosha, wanaoimaliza mara nyingi ni wageni, si ninyi. Chumba chenye birika la umeme hugeuka mgahawa wa bweni zima. Kubalianeni kwamba mwenye mgeni anatoa sukari ya mgeni wake, na mseme hivyo kabla hajaja, si akiwa ameshashika kikombe.

Mchango wa chumba ukusanywe mara moja mwanzoni mwa mwezi, si kila kitu kikiisha. Kila kikiisha kuna mmoja hana hela, na huyohuyo ndiye mtakayemsema. Ndoo iandike jina kwa rangi ya mafuta chini ya mshikio. Kalamu ya wino inafutika kwa sabuni. Hayo yakishafanyika na bado vitu vinapotea, mpelekee matroni. Kabla ya hapo atakuuliza mlikubaliana nini, nawe huna jibu.

Tunataka kuwakaribisha wageni wa mwaka wa kwanza. Wao ni 100, sisi wa mwaka wa pili 80. Mwaka jana chakula kilikwisha watu hamsini hawajala, na muziki ulizimwa katikati. Tupangeje?
*Waziri wa michezo na burudani, serikali ya wanachuo, Kanda ya Ziwa*

Mheshimiwa waziri, tuanze na hesabu, maana sherehe nyingi hufia hapo. Mgeni hachangi. Kwa hiyo ninyi 80 mnalipa sahani 180. Kila mmoja anajilisha mwenyewe na kumlisha mgeni mmoja na robo. Wengi hupanga mchango kwa kuuliza sahani moja ni shilingi ngapi, halafu wanashangaa. Tuseme gharama yote imefika 960,000. Mkigawa kwa 80 mnapata 12,000 kila mmoja, lakini wote 80 hawatalipa. Chukueni kwamba mmoja kati ya watano atakwepa, mgawe kwa 64: ni 15,000. Tangazeni hiyo. Zikibaki, nunueni mipira.

Kisha nendeni kwa mtunza stoo wa chuo. Jumamosi hiyo chuo kingewalisha chakula cha jioni vyovyote vile. Ombeni kwa barua mgao wa jioni hiyo mpewe ukiwa mbichi: mchele kama ndio zamu yake, au unga na maharage, muutumie siku hiyo au mbadilishane na mgao wa siku ya wali. Viongozi wengi hawaombi, wananunua kila kitu dukani huku maharage ya jioni yanaiva kwenye sufuria ya pili na hayana mlaji.

Kwa pilau ya watu 180: mchele kilo 25, nyama kilo 20, viazi mbatata kilo 8, vitunguu maji kilo 6, mafuta lita 4, vitunguu saumu nusu kilo, tangawizi nusu kilo, bizari nzima robo kilo, pamoja na mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kwa mkono wa mpishi. Kachumbari: nyanya kilo 8, vitunguu kilo 4. Soda kreti 8, chupa 192. Kreti na chupa tupu zinarudi dukani, na iliyovunjika mnailipa, hivyo mteueni mtu mmoja wa chupa asiyecheza muziki kabisa.

Pikieni masufuria mawili, si moja. Kilo 25 ndani ya sufuria moja zinaungua chini huku juu mchele bado mgumu, na mwiko haufiki katikati. Kila sufuria ipate kilo 12 na nusu. Supu ya nyama ihesabiwe ndani ya maji. Anzeni na kipimo kimoja na nusu cha maji kwa kimoja cha mchele, muongeze kidogokidogo kama unadai. Sufuria kubwa iliyofunikwa haipotezi mvuke kama ile ya nyumbani, na anayetia vipimo viwili kwa mazoea ya nyumbani anapata bokoboko. Maji yakikauka, toeni kuni chini, mpalie makaa juu ya mfuniko, muiache dakika 25 bila kufunua. Mpishi wa chuo alipwe posho hata kama ni rafiki yenu. Asiyelipwa huanza kazi saa kumi na moja jioni.

Kuhusu wale hamsini wa mwaka jana: kwa kawaida si kwamba chakula kilikuwa kidogo, ni kwamba mgawaji alikuwa mkarimu kwa mia ya kwanza. Nyama igawiwe na mtu mmoja kila foleni, kwa idadi ya vipande, na huyo asiwe na mchumba kwenye foleni yake. Pangeni foleni mbili. Mtu mmoja akitumia sekunde 15 mezani, watu 180 kwa foleni moja ni dakika 45. Kwa mbili ni 23 hivi, na wa mwisho hatamkuta wa kwanza anarudi kuongeza. Wageni watangulie. Kamati iwe ya mwisho kula, kutoka sufuria moja, mbele ya watu, ili pasiwe na maneno.

Muziki. Barua ya kibali ipite kwa mlezi wa wanachuo hadi kwa mkuu wa chuo wiki mbili kabla, nayo itaje mambo matatu: saa ya kuzima, majina ya wageni kutoka nje, na nani anabaki kusafisha. Msipotaja saa, atakayeichagua ni mkufunzi wa zamu, naye ataichagua mapema. Spika zigeuzieni mgongo nyumba za wakufunzi na mlangoni pasiwekwe kitu. Besi inapenya ukuta, kwa hiyo ifikapo nusu saa kabla ya kufunga ipunguzeni hiyo kwanza, sauti nyingine baadaye. Hotuba ziwe tatu, kabla ya chakula. Mkiziweka baada ya chakula zinakula muda wa muziki, na hapo ndipo mwaka jana mlipozimiwa, nadhani.

Orodha ya waliolipa na matumizi yote, pamoja na risiti, ibandikwe bwaloni Jumatatu. Msingoje kuulizwa.

Tunacheza upatu, watu 14, shilingi 5,000 kila wiki. Wawili waliopokea mwanzo wameacha kutoa. Wengine tunaidai hewa?
*Aliye namba 11*

Hesabu majuma ya muhula kabla ya hesabu ya watu. Muhula wenye wiki 15 za masomo hauwezi kubeba upatu wa watu 14, kwa sababu wiki za mwisho ni mitihani, na kuna wiki watu wanatawanyika kwenye mafunzo kwa vitendo mashuleni. Wachezaji 10 wanatosha. Wakizidi, gawanyikeni vikundi viwili.

La pili ni mdhamini. Anayepokea katika nusu ya kwanza awe na mdhamini ambaye yeye mwenyewe hajapokea. Aliyepokea asipotoa, 5,000 yake inakatwa kwenye fungu la mdhamini. Mtaona jinsi mdhamini atakavyomfuata mwenzake hadi bafuni. Fedha zisilale kwa mtunza hela hata usiku mmoja: zinakusanywa na kukabidhiwa mpokeaji papo hapo, wote wakiwepo. Mnaishi pamoja, hakuna haja ya kutumiana kwa simu na kula makato ya kutuma na kutoa.

Kwa hao wawili wa sasa: andikeni deni lao, walipe nusunusu, na mzunguko uendelee kwa pesa iliyopo. Kila mpokeaji aliyebaki apate 60,000 badala ya 70,000, na anachorudisha mdaiwa kigawiwe wote mliobaki. Mkisimamisha upatu ndipo namba 11 hadi 14 mnapopoteza yote.

Tumeachana na mchumba wangu. Tuko darasa moja, kikundi kimoja cha kazi. Kila ninapopita watu wananong'ona.
*Binti, mwaka wa pili*

Pole, dada. Kikundi unaweza kubadilisha: mwone kiongozi wa darasa, mwambie unaomba kuhamia kikundi kingine, bila maelezo. Fanya hivyo kazi mpya inapogawiwa, si katikati ya iliyopo, maana hapo utawaudhi watu ambao hawana ugomvi nawe.

Vitu vyake virudishe vyote kwa mkupuo, kupitia mtu mmoja anayejua kufunga mdomo. Shati leo, kitabu kesho, chaja Ijumaa, hapo mnatengeneza tamthilia na bweni zima ni watazamaji. Wanaouliza wape sentensi moja isiyobadilika, "Tumeachana kwa amani", hata kama amani yenyewe haikuwepo. Umbea unanenepa kwa matoleo mawili ya habari. Na stetasi ya WhatsApp iache ikae na picha ya maua.

Jambo ambalo wengi husahau: orodha ya shule za mafunzo kwa vitendo. Kama hutaki kupangwa naye shule moja, mwone mkufunzi anayehusika kabla orodha haijabandikwa. Ikishatoka, usafiri na nyumba za kulala vimeshapangwa kwa vikundi, na kukuhamisha wewe ni kuvuruga watu watano.

Nina miaka 38, nimerudi kusoma stashahada baada ya kufundisha muda mrefu. Vijana wananiamkia shikamoo, wananiita mama, kisha nikiingia chumbani wananyamaza.
*Mama wa bweni la pili*

Shikamoo itikia, usiikatae. Ukiwaambia waache unawapa mzigo ambao mama zao hawakuwafundisha kuubeba. Wanachonyamazia si umri wako. Wanahofu utakwenda kusema kwa matroni, kwa kuwa mara nyingi mtu mzima ndiye anayepewa uongozi wa bweni. Ukipewa wadhifa huo, ukatae mwaka huu.

Pa kuingilia ni maandalizi ya somo. Wewe umeshaandika andalio la somo mamia ya mara, wao wanahangaika na safu ya hatua na muda. Tenga saa moja Jumatano jioni mezani kwako, ukague maandalio mawili matatu kwa penseli. Usisahihishe yote, na usiseme habari za wanao kila dakika. Wakianza kukuletea zana zao za kufundishia uzitazame, mazungumzo mengine yatafuata yenyewe.

Jumamosi chuo kinapooza. Mji uko kilomita 20, nauli hatuna.
*Wanne wa kona, Kusini*

Ligi ya mabweni, watu saba kila upande, dakika 20 kila kipindi: mabweni manne ni mechi sita, yaani Jumamosi tatu za mechi mbili mbili. Wasichana netiboli uwanja wa pili, saa ileile, la sivyo watageuzwa washangiliaji. Mwamuzi atoke bweni lisilocheza. Mkipata timu inayoeleweka mna pa kuipeleka, maana vyuo vya ualimu vina mashindano yao ya michezo na sanaa, UMISAVUTA, na sanaa humo zina uzito kama mpira. Wasiopenda jasho waanzishe ngoma au kwaya. Chuo cha Butimba kule Mwanza ina jina kwa sababu muziki na sanaa hapo ni masomo, lakini ngoma tatu na watu kumi na wawili vinapatikana chuo chochote.

Kwa nini umeme wa bweni letu unajikata kila alfajiri?
*Mwaka wa kwanza, Iringa*

Kwa sababu ya hita za kuchovya, baridi ya huko tunaijua. Hita moja ni wati 1,500 hivi. Soketi za bweni zikiwa kwenye laini moja ya ampea 32, kwa volti 230 laini hiyo inabeba kama wati 7,360. Hita ya tano ikichomekwa mmeshafika 7,500, na mwenye pasi bado hajaamka. Mzigo ukizidi zaidi ya hapo, swichi inachelewa kidogo, inapata moto, kisha inajikata. Anayeirudisha bila kuchomoa hita anarudia yaleyale, na anayefunga waya mnene badala ya fyuzi atachoma bweni.

Wekeni zamu: hita tatu tu kwa wakati mmoja, dakika 20 kila chumba, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ekstensheni yenye waya mwembamba isitumike kwa hita hata moja; mkiishika ikiwa ya moto, itupeni. Zima soketi kabla ya kutia kidole kupima maji, na ndoo iwe ya plastiki, si ya bati. Nafuu kuliko yote ni kumwomba mpishi: jiko la uji linawaka mapema, na pipa moja la lita 200 pembeni yake linatoa nusu ndoo ishirini za maji moto, mkachanganye na baridi bafuni.