Tope la Kale, Ziwa Lililokauka: Maswali Yenu Kuhusu Mashapo ya Bonde la Ufa

Mnajuaje kwamba mahali pakavu palikuwa na ziwa?

Tunaanza na chembe za mashapo, yaani kokoto, mchanga na tope vilivyotuama. Maji yaendayo kasi hubeba kokoto. Yakitulia ndipo tope laini linaposhuka. Tope lenye mistari myembamba kama kurasa za daftari, lisilo na nyufa za jua wala alama za mizizi, lilitua kwenye maji matulivu. Lakini usikimbilie kusema ziwa, maana hata mto uliofurika huacha tope.

Nenda Olorgesailie, Kenya. Kuna tabaka nyeupe, nyepesi mkononi, zinazopaka vidole kama chaki. Hiyo ni diatomaiti: maganda ya silika ya mwani mdogo usioonekana kwa macho. Spishi nyingine hupenda maji matamu, nyingine maji ya chumvi, hivyo darubini inakupa hata ladha ya ziwa lenyewe. Panda kidogo kwenye ukuta wa tabaka hizo ukute udongo wa kahawia wenye mashimo ya mizizi: ziwa limerudi nyuma, majani yameota. Mashapo hayo yalianza kutuama kama miaka milioni 1.2 iliyopita, na ziwa lilikuja na kuondoka mara nyingi.

Mbona upande mmoja wa bonde una mawe makubwa, na mwingine mchanga na tope?

Kwa sababu sakafu ya bonde la ufa mara nyingi haizami sawasawa. Huinama kama meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja. Upande uliozama una ukuta mkali wa mpasuko, na vijito vifupi vyenye hasira hushusha mawe hadi majini. Kina kikubwa nacho huwa karibu na ukuta huohuo, kwa hiyo ukitembea kidogo tu unatoka kwenye mawe ya ukubwa wa kichwa ukaingia kwenye tope jeusi. Ng'ambo ya pili mteremko ni mpole: delta, fukwe, na ziwa likishuka mita chache tu ufuo unahama mbali sana.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, linaonyesha jambo jingine. Maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo mabaki ya mwani hayaozi yote. Tope la namna hiyo likifukiwa na kupata joto la kutosha huzaa mafuta. Kampuni za mafuta hazifuatilii maziwa ya kale kwa kupenda konokono.

Udongo mwekundu maana yake palikuwa jangwa?

Hapana. Ni chuma kilichokutana na oksijeni, pengine muda mrefu baada ya mashapo kutua. Tafuta vidonge vya chokaa na alama za mizizi kabla ya kutaja ukame.

Umri mnaupataje?

Majivu ya volkano. Yale ya Olduvai, Tanzania, yalipimwa kwa potasi na agoni (potasi hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kama saa), na mwaka 1961 ikatangazwa miaka milioni 1.75. Watu wengi huishia hapo. Mimi napenda zaidi kwamba majivu ya mlipuko mmoja huanguka ziwani, ufuoni na mtoni kwa wakati mmoja, hivyo ukilifuata tabaka hilo unatembea juu ya mandhari ya siku zilezile. Tena hubadilika kulingana na mahali yalipoangukia: kwenye maji ya magadi, kioo cha volkano hugeuka kuwa madini yaitwayo zeolaiti. Mwanajiolojia Richard Hay alitumia mabadiliko hayo kuchora ziwa la kale la Olduvai lilikuwa na chumvi hadi wapi.

Mwalimu, shikamoo. Nikienda uwandani nibebe nini?

Marahaba. Nyundo, daftari, lenzi ya kukuza mara 10, na meno yako. Chukua chembe kidogo uitafune kwa meno ya mbele: mfinyanzi huteleza kama siagi, tope la chembe kubwa kidogo hukwaruza. Kisha tema. Ila kwenye tabaka zenye visukuku vya kinyesi, navyo vipo, tumia kidole.