Ukitoka kwenye mkanda, jifunze upya kupima mwanga

Mkuu, umesema umepiga miaka mingi kwa kamera ya mkanda ya mzee, Nikon FM2, sasa umenunua Nikon ya dijitali, D3200 iliyokwisha tumika, na kwenye harusi ya kwanza shela limetoka jeupe pe, darizi hazionekani kabisa. Kamera yako ni nzima. Nami nilipita hapo hapo mwaka 2005, Tanga, nilipohamia dijitali, kamera ya Nikon D70.

Ni mazoea ya mkanda hayo. Negativu ya rangi, yaani mkanda wa kusafishia picha, huvumilia mwanga uliozidi, inachoogopa ni giza. Ndiyo maana Kodak Gold ya 200 wengi tuliipiga kama ya 100, yaani tuliipa mwanga maradufu, na ikisafishwa picha zilitoka safi. Dijitali ni kinyume: kivulini utavuta kitu baadaye, lakini palipoungua, yaani palipozidi mwanga pakawa peupe tupu, hapana cha kuvuta. Hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, utaokoa kidogo tu.

Na harusi zetu ndizo zenye mtego wenyewe. Bwana harusi suti nyeusi, bibi harusi shela jeupe, ngozi nyeusi, jua la saa saba mchana. Mita ya mwanga ndani ya kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, shela linaungua. Mimi huwasogeza kwanza chini ya mwembe, napiga moja ya majaribio, kisha nafungua kwenye kioo ule ukurasa ambao sehemu zilizoungua huwaka na kuzima. Shela likiwaka, napunguza mwanga kwa 0.7 kwenye kipimo cha +/-, narudia, mpaka darizi zionekane. Nyuso nazipandisha kwenye kompyuta.

Lenzi ya mzee ya 50mm itaingia, ila D3200 haitakupimia mwanga, kwa hiyo weka M, upange mwanga kwa mkono. Tena itabana picha kama lenzi ya 75mm kwenye FM2. Sebuleni utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukuta.

Kubwa zaidi ni kutunza. Mwaka 2008 memori kadi ilinifia na picha zote za nikahi. Nilikwenda kwa ile familia mikono mitupu, mama wa binti akaniuliza, "Hata moja, mwanangu?" Sina jibu mpaka leo. Tangu siku ile sifuti kadi kabla picha hazijakaa kwenye diski mbili, na moja hailali kwangu. Negativu za mzee nazo usizitupe. Zangu za 1994 ziko kwenye kopo la biskuti na bado zinatoa picha.

Ukipiga tena, weka hapa picha moja pamoja na histogramu yake, ile chati ya mwanga kwenye kioo, tuitazame.